Spea za Foki na Shokapu za Asili za Pikipiki ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayefufua pikipiki ya zamani mara nyingi husumbuka zaidi na foki (miguu ya mbele inayoshika gurudumu) na shokapu kuliko injini. Pistoni na ringi za injini maarufu bado zinatengenezwa, lakini bomba la foki la toleo lililouzwa misimu miwili tu huwezi kulikuta kwenye rafu ya duka. Majibu haya ni ya mtu anayetaka mfumo ule ule uliotoka kiwandani. Nimeona pikipiki nzuri mno zikifungwa foki za kisasa, vishikio vyake (vipande vya juu na chini vinavyobana mabomba ya foki) vikakatwa na fremu ikachomelewa, kwa sababu tu mwenyewe aliambiwa kwamba spea hazipo. Mara nyingi zipo. Hukosekana kwa sababu zinatafutwa kwa jina la pikipiki, badala ya namba ya spea, vipimo vyake na jina la kiwanda kilichoitengeneza.

Nianzie wapi kutafuta?

Anzia kwenye pikipiki yenyewe, kabla hujamuuliza muuzaji yeyote. Andika namba ya fremu na namba ya injini, kisha piga picha foki, shokapu, vishikio na ekseli kutoka kila upande kabla ya kufungua hata bolti moja. Safisha uchafu uone maandishi yaliyogongwa au kumiminwa kwenye chuma: chini ya mguu wa foki (sehemu ya chini inayobeba ekseli), kwenye sikio la shokapu, ubavuni mwa springi. Hata rangi iliyopakwa kwenye springi inaweza kuwa alama ya kiwanda, kwa hiyo usiikwangue kabla hujaiandika.

Halafu pima. Kipenyo cha nje cha bomba la foki kipimwe sehemu ya juu ambayo haijasuguliwa na bushi, yaani pete inayoongoza bomba. Pima urefu wa bomba, kipenyo cha ekseli, umbali kati ya katikati ya bomba moja na lingine, na kwa shokapu pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Tumia kalipa (kifaa cha taya mbili cha kupimia kwa usahihi), si rula. Bomba la milimita 34 na la milimita 35 yanafanana kwa macho, ila moja halitaingia.

Jina la toleo peke yake halitoshi. Viwanda vilibadilisha vipande katikati ya mwaka bila kutangaza, na pikipiki yenye miaka hamsini imepitia mikono mingi, kila mmoja akifunga alichokipata.

Nitajuaje kama foki zilizopo ndizo za kiwandani?

Linganisha umbo la foki na mwaka wa pikipiki. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, pikipiki nyingi zilikuwa na foki za mihimili, ambazo gurudumu lake hupanda na kushuka kwa mikono minne mifupi, huku springi moja ikikaa mbele ya shingo ya fremu. Mtikisiko ulizuiwa kwa visahani vya msuguano vinavyokazwa kwa kitasa cha mkono. BMW ndiyo iliyotoa pikipiki za kwanza za kuuzwa kwa umma zenye foki za mabomba zinazotulizwa kwa oili, R12 na R17 za 1935. Jeshi la Uingereza lilipata Matchless G3/L yenye foki za namna hiyo mwaka 1941. Harley-Davidson ilikaa na foki zake za springi za nje kwenye pikipiki kubwa hadi 1948, na mwaka uliofuata ikaleta Hydra-Glide yenye foki za mabomba.

Zipo pia njia za pembeni. BMW iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1969 inatarajiwa kuwa na foki za aina ya Earles, zenye mkono mrefu unaozunguka nyuma ya gurudumu la mbele. Honda Super Cub ya 1958 ina mikono mifupi inayotangulia mbele, ndani ya foki ya bati lililokandamizwa. Vincent walibuni Girdraulic yao, foki ya mihimili yenye kitulizaji cha oili, wakati wengi walikuwa wameshahamia mabomba.

Ukikuta foki za mabomba zinazotulizwa kwa oili kwenye pikipiki ya 1930, au breki ya diski kwenye pikipiki ambayo kiwandani ilipewa breki ya ngoma, ujue mbele yote ilibadilishwa. Hapo orodha yako ya ununuzi inabadilika: unahitaji pia vishikio vya juu na chini, ekseli, kitovu cha gurudumu na pengine kifuniko cha taa. Ni afadhali utafute seti nzima kuliko kuokota kipande kimoja kimoja kwa miaka.

Namba za spea zinasomwaje?

Namba hizi zina mpangilio, na ukiuelewa unaweza kutambua kipande hata kama muuzaji hajui anauza nini.

Kwa Honda, tarakimu tano za kwanza hueleza kazi ya kipande: 51 mwanzoni ni foki, 52 ni upande wa shokapu na mkono wa nyuma. Tarakimu tatu za katikati ni toleo ambalo kipande kilitengenezewa kwanza. 300 ni CB750 ya mwanzo, 323 ni CB500 ya silinda nne. Ndiyo maana unaweza kukuta 323 kwenye orodha ya pikipiki nyingine kabisa: kipande kiliazimwa, na huo ni mlango mpya wa kutafutia. Yamaha wanatanguliza alama tatu za toleo, kisha namba ya kazi. 23 ni za foki. Kawasaki, bomba la ndani la foki hubeba 44013. BMW hutumia kundi la 31 kwa mbele na 33 kwa nyuma. Triumph za mwisho wa miaka ya 1960 na kuendelea, namba inayoanza na 97 ni ya foki, ilhali za kabla yake huanza na herufi H.

Jihadhari na namba zilizobadilishwa. Kiwanda kikirekebisha kipande hutoa namba mpya na kufuta ya zamani, kwa hiyo kipande hicho hicho kinaweza kuwa dukani kwa namba usiyoijua. Kitabu cha spea cha kiwanda kikupe namba ya awali, na orodha za wauzaji wakubwa zikupe iliyokuja baadaye. Tafuta kwa zote mbili, zikiwa na vistari na bila vistari.

Kiwanda kimefungwa au kimeacha spea hizo. Nani mwingine anaweza kuwa nazo?

Hili ndilo swali lenye utajiri zaidi, kwa sababu viwanda vingi vya pikipiki havikutengeneza shokapu vyenyewe. Girling ya Uingereza ilizipa shokapu BSA, Triumph, Norton, AJS, Matchless, Velocette na Royal Enfield. Italia ilikuwa na Ceriani na Marzocchi, Hispania ikawa na Betor, ambayo foki zake zilikaa kwenye Bultaco, Ossa na Montesa. Japani ilitegemea Showa na Kayaba. Ukishajua jina la kiwanda cha shokapu, unatafuta kwenye bahari badala ya kisima. Foki za Betor ulizozikosa kwa jina la Ossa zinaweza kuwa zimelala kwa mtu anayezijua kama za Bultaco. Thibitisha tu urefu, springi na vishikio, kwani kiwanda kimoja kilitoa kipenyo kile kile kwa urefu tofauti.

Njia ya pili ni ndugu wa damu. BMW R71 ya 1938, yenye springi za nyuma zilizofichwa ndani ya mabomba wima ya fremu, ilinakiliwa Urusi ikawa M72, na baadaye China ikawa Chang Jiang 750, iliyoendelea kutengenezwa miongo mingi baada ya Wajerumani kuiacha. Vipande vya muundo huo bado vinapatikana. Ubora wake hautabiriki, kwa hiyo pima kila kimoja. Vivyo hivyo Royal Enfield Bullet: uzalishaji wake ulianza India katika miaka ya 1950 na haukufa pamoja na kiwanda cha Uingereza. Mwenye Bullet ya Kiingereza ana hazina ambayo mwenye Velocette hana.

Njia ya tatu ni wanaotengeneza upya. Hagon wa Uingereza hutengeneza shokapu kwa vipimo vya pikipiki za zamani. Ikon wa Australia walirithi utengenezaji wa shokapu za Koni za pikipiki, kwa hiyo mwenye Koni za miaka ya 1970 hajaachwa peke yake. Marekani wapo Forking by Frank, wanaotengeneza mabomba ya foki kwa kipenyo na urefu unaowaagiza.

Vyama vya wamiliki vina faida gani hasa?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Vincent Owners Club ina kampuni yake ya spea inayotengeneza vipande ambavyo hakuna mfanyabiashara angevigusa, na wanachama wa AJS na Matchless nao wana mfuko wa spea wa chama chao. Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, ina maktaba yenye kumbukumbu za viwanda na vitabu vya spea vya chapa zilizokufa zamani. Ada ya uanachama hurudi mara moja ukipata mchoro sahihi wa bushi unayoitafuta.

Ukiomba msaada, usiandike "natafuta shokapu za Norton". Andika mwaka, namba ya fremu, namba ya kipande, vipimo na picha. Wazee wenye maarifa haya hujibu kwa ukarimu mkubwa swali lililoandaliwa, na hupita kimya kwenye lisiloandaliwa.

Na magulio ya spea?

Nenda ukiweza. Veterama ya Mannheim nchini Ujerumani, gulio la Beaulieu nchini Uingereza na la Imola nchini Italia yana meza za vyuma ambavyo havitawahi kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Beba kalipa, tochi, sumaku, karatasi ya vipimo na, kama inawezekana, kipande chako kibovu chenyewe. Sumaku itakuambia kama mguu wa foki ni wa alumini au wa chuma chini ya rangi.

Je, spea mpya iliyokaa stoo tangu enzi hizo ndiyo bora kuliko zote?

Kwa chuma, ndiyo, kama haikuota kutu: bomba, springi, vishikio, nati, vifuniko. Kwa mpira, hapana. Sili ya 1972 ikiwa bado kwenye pakiti yake ya asili imeshakuwa ngumu, na itavuja wiki ya kwanza. Shokapu mpya ya zamani nayo ina sili ndani yake. Mara nyingi oili imeshatoka taratibu au mpira umegandia kwenye fimbo. Inunue kwa ajili ya mwili, springi na vifuniko vyake, na uhesabu gharama ya kufunguliwa na kufungwa upya. Vizuizi vya mpira vya mwishoni mwa fimbo huwa vinamomonyoka ukivigusa.

Nimuulize nini muuzaji nisiyeweza kumfikia?

Mwambie aweke bomba juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa na kuliviringisha huku akirekodi video. Bomba lililopinda litaonyesha mwanya unaofunguka na kufumba. Omba picha ya eneo linalopitiwa na sili, vipimo kwa kalipa ikionekana kwenye picha, na picha ya nyuzi za juu. Kwa mguu wa alumini, omba picha ya mdomo wa juu unapokaa sili, maana ndipo watu huuvunja kwa bisibisi, na ya masikio ya breki na kibano cha ekseli.

Shokapu zenye gesi ya shinikizo, wasafirishaji wengine huzikataa kwenye ndege. Uliza mapema.

Mabomba yangu yana kutu. Niyapake kromu upya au ninunue mengine?

Kwanza tazama kutu iko wapi. Eneo la maana ni lile linalopita kwenye sili, yaani kutoka kwenye sili foki ikiwa imenyooka hadi mahali sili inapofika foki ikizama kabisa. Vishimo vilivyo juu ya hapo, chini ya vifuniko vya taa au kati ya vishikio, havivujishi oili. Vikiwa vya juujuu vinaweza kusafishwa na kuachwa. Vikiwa na kina kirefu kati ya vishikio ni hatari, kwani ndipo bomba linapobeba mzigo mkubwa wa kupinda.

Pili, jua kwamba kromu ya urembo ile inayopakwa bampa na ekzosi siyo kromu ya foki. Ya urembo ni utando mwembamba juu ya nikeli, nayo itachunwa na sili. Foki hupakwa kromu ngumu: bomba husagwa kuondoa vishimo, hupakwa kromu nene moja kwa moja juu ya chuma, kisha husagwa tena kurudi kwenye kipenyo cha asili. Wanaoweza kazi hiyo ni wale wanaofufua silinda za haidroliki za mitambo mikubwa. Wengi wenye pikipiki hawafikirii kugonga mlango huo, na ndio mlango wa kwanza ninaoupendekeza, kwa sababu watu hawa wanazo mashine za kusaga, wanajua sili, na bomba la foki kwao ni kazi ndogo.

Kabla ya kulipia, hakikisha bomba halijapinda. Vitabu vingi vya kiwanda vya Kijapani huweka kikomo cha milimita 0.2 bomba likizungushwa kwenye vishikilio vya umbo la V chini ya kipimo chenye mshale na uso kama wa saa. Lililopinda kidogo, lisilo na mkunjo, hunyooshwa kwa presi. Lenye mkunjo unaoonekana, au ufa wowote, ni chuma chakavu. Hapo nunua jipya bila kujadili.

Chuma kigumu kilichopakwa kromu kwa umeme hunyonya haidrojeni na kuwa mwepesi kukatika, kwa hiyo baada ya kupakwa kinapaswa kuokwa kwenye tanuri la joto la takribani nyuzi 200 kwa saa kadhaa. Muulize fundi kama anafanya hivyo. Kwa springi za shokapu ndiyo muhimu zaidi: springi iliyopakwa kromu bila kuokwa inaweza kukatika bila onyo.

Sili za pikipiki yangu hazipo popote. Nifanyeje?

Acha kutafuta sili ya pikipiki. Tafuta sili ya kipimo. Vipimo vitatu vinatosha: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa mfano 35 × 48 × 11. Pima bomba na nyumba ya sili, si sili kuukuu iliyobanwa miaka mingi. Maduka ya beringi yana vitabu vya vipimo hivi, vya milimita na vya inchi. Chagua yenye midomo miwili, mmoja wa kuzuia oili na mwingine wa kuzuia vumbi, yenye springi ndogo ya mviringo nyuma ya mdomo. Sili ya shafti inayozunguka inaweza kuwa na kipimo sahihi lakini haikuundwa kwa bomba linalopanda na kushuka. Mwambie muuzaji sili ni ya kazi gani.

Unene ukipungua milimita moja au mbili, washa ya kujazia hutosha. Ukizidi, klipu haitaingia kwenye mfereji wake, na sili isiyo na klipu itasukumwa nje.

Springi mpya nitaiagizaje kama sina takwimu za kiwanda?

Springi yako kuukuu inasema karibu kila kitu. Pima unene wa waya (d), kipenyo cha katikati ya waya hadi katikati ya waya (D), na hesabu mizunguko inayofanya kazi (n), yaani mizunguko yote ukiondoa ule wa mwisho uliolala kila upande. Ugumu hupatikana hivi:

k = G × d⁴ ÷ (8 × D³ × n)

G, yaani ukinzani wa chuma dhidi ya kusokotwa, kwa chuma cha springi ni takribani 79,000 kwa vipimo vya nyutoni na milimita. Springi ya waya wa milimita 4.5, kipenyo cha katikati 26, mizunguko 45, inatoa kama nyutoni 5.1 kwa kila milimita, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo kuibonyeza milimita moja.

Tazama jinsi d ilivyopandishwa kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 4.2 badala ya 4.0 hufanya springi kuwa ngumu kwa zaidi ya asilimia 20. Ndiyo maana unene wa waya upimwe kwa maikromita sehemu kadhaa, baada ya kuondoa rangi na kutu. Hata milimita 0.05 ina maana hapa.

Springi iliyochoka hupungua urefu. Ugumu wake unabaki karibu ule ule, kwa sababu chuma, unene na mizunguko havijabadilika. Kama imepungua milimita chache, kipande cha bomba cha kujazia juu yake kinarudisha kimo cha pikipiki, nawe unabaki na springi ya asili. Kama kitabu kinataja kikomo cha urefu nayo imekipita, tengenezesha nyingine. Mizunguko ikiwa imebanana upande mmoja kuliko mwingine, fomula hii inakupa makadirio tu, na mtengenezaji apewe sampuli yenyewe.

Bushi zinaweza kukerezwa?

Ndiyo, na hizi ndizo spea rahisi kuliko zote kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea. Ila ujue ulichonacho. Bushi nyingi za foki za Kiingereza ni za shaba nyeusi ya ungaunga uliobanwa, yenye vitundu vinavyoshika oili. Ilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa na isisuguliwe kwa msasa ndani, kwani vitundu vitazibika. Bushi za shaba ngumu za mkono wa nyuma hubonyezwa mahali pake kwanza ndipo zipanuliwe kwa rima ndefu inayopita zote mbili kwa mstari mmoja. Ukizipanua kabla, zitabana zikishaingia.

Foki za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi hazina bushi ya kubadilisha upande wa chini: bomba hupita moja kwa moja kwenye alumini ya mguu. Ukilika, mguu hutafutwa mwingine au hupanuliwa na kutiwa bushi, kazi ya mtu makini.

Bushi za mpira uliogandishwa kati ya mirija miwili ya chuma, aina ya Silentbloc, hazikerezwi. Zinapofungwa, bolti ikazwe mwisho wakati pikipiki imesimama kwa magurudumu yake yote na uzito uko juu yake. Ukiikaza gurudumu likining'inia, mpira utakaa umesokotwa siku zote na utachanika mapema.

Shokapu zangu za nyuma ni za kufungwa daima. Zinafufuliwa?

Baadhi. Nyingine zina nati ya juu inayofunguka kwa spana maalumu yenye meno. Hizo hubadilishwa sili na oili. Nyingi za Girling na za Kijapani zilikunjwa mdomo kiwandani ili zisifunguliwe. Zipo karakana zinazokata mdomo, kukereza nyuzi na kuweka kifuniko kipya, na kwa pikipiki adimu gharama hiyo ina maana. Kwa pikipiki ya kawaida, chukua springi na vifuniko vyako vya asili uvihamishie kwenye shokapu mpya yenye vipimo sawa. Kwa macho itabaki ya enzi yake.

Urefu usiubadilishe. Sentimita mbili na nusu za ziada nyuma huinamisha pikipiki mbele, shingo ya fremu husimama wima zaidi, na usukani huwa mwepesi kuyumba kwenye mwendo.

Yenye gesi usiikate, usiitoboe wala kuipasha moto.

Kwa nini bolti inaingia nusu tu kisha inakwama?

Usiilazimishe. Pikipiki za Kiingereza zilichanganya nyuzi za Whitworth na BSF (viwango vya zamani vya Kiingereza) na za baiskeli zenye nyuzi 26 kwa inchi, kisha BSA na Triumph wakahamia nyuzi za Unified, kiwango kingine cha inchi, mwishoni mwa miaka ya 1960. Japani nayo ilibadilisha kiwango katika miaka hiyo ya 1960: skrubu ya milimita 5 ya zamani ina hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 0.9, ya baadaye 0.8. Nunua geji ya nyuzi. Ni kifaa kidogo kitakachokuokoa kifuniko cha foki kisichopatikana tena.

Kuna sehemu ambazo nisizifungue mwenyewe?

Kitovu cha nyuma chenye springi ndani, kilichouzwa kwenye Triumph za mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Springi zake zimebanwa kwa nguvu kubwa mno, na kikifunguliwa bila kifaa chake maalumu hurusha vyuma kwa kasi ya kuua. Mpelekee mwenye kifaa. Springi za shokapu nazo zibanwe kwa kibanio imara, si kwa kamba na mikono ya rafiki. Na hata kifuniko cha juu cha foki kina springi chini yake: uso usiwe juu yake unapokizungusha mara ya mwisho.

Nifunge beringi za konikali (zenye roli za umbo la koni) kwenye shingo badala ya gololi?

Zinadumu zaidi na hazionekani kwa nje, kwa hiyo silaumu anayezifunga. Mimi huacha gololi kama vikombe vyake ni vizima, nikibadilisha gololi zote kwa mpya za kipimo kilekile. Usichanganye mpya na kuukuu: chache zilizo kubwa zaidi ndizo zitabeba mzigo wote. Na zihesabu wakati wa kutoa, upande wa juu na wa chini kila mmoja peke yake.

Oili gani, na kiasi gani?

Ya kitabu. Kama hakipo, anza na oili ya foki ya SAE 10 (namba ya SAE ni kipimo cha uzito, yaani unene, wa oili) kwa foki za Kijapani na SAE 20 kwa za Kiingereza za bushi, kiasi sawa pande zote mbili, kisha rekebisha kwa uzito wa oili kabla ya kugusa springi.

Ni kipi nisinunue kikiwa kimetumika, hata kwa bei ya kutupa?

Ekseli yenye alama za kupinda au nyuzi zilizochomelewa. Kishikio cha chini cha foki kutoka pikipiki iliyogonga, isipokuwa umekipima kwenye meza bapa ukiwa na mabomba mawili yaliyonyooka ndani yake. Mihimili ya foki za zamani iliyochomelewa upya bila maelezo ya nani aliifanya. Mguu wa alumini wenye ufa kwenye kibano cha ekseli. Vipande hivi vikikatika barabarani hakuna nafasi ya pili.

Vipande vibovu nilivyotoa nivitupe?

La hasha, angalau hadi pikipiki imetembea msimu mzima. Bushi iliyolika upande mmoja bado inaonyesha urefu, unene wa kola na mahali pa matundu ya oili. Springi iliyokatika bado ina unene wa waya na idadi ya mizunguko. Shokapu iliyokufa bado ina vifuniko na masikio. Vifunge kwenye mfuko wenye lebo ya namba ya spea na upande vilikotoka, kulia au kushoto, juu au chini, na upake grisi vyenye kuota kutu. Vikishapimwa, peleka vipimo hivyo kwenye chama cha pikipiki yako, maana yupo mwenye pikipiki kama hiyo ambaye bushi yake imepotea kabisa na hana cha kumpa fundi akinakili.